Uchumi kwa anayeanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaoingia kidato cha tano, wenye maduka na vibanda, na wazazi wanaosikia habari za uchumi redioni bila mtu wa kuwafafanulia. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, kwa sababu historia yetu wenyewe inatosha kufundishia somo hili. Unaposoma kila jibu, jiulize mambo mawili: hapa aliyeamua ni nani, na aliyelipa ni nani?

Uchumi ni somo la pesa?

Pesa imo, lakini somo halianzii hapo. Linaanzia kwenye uhaba: mahitaji ni mengi, na vya kuyatimizia, yaani ardhi, muda, nguvu na mtaji, ni vichache. Mkulima wa Njombe mwenye ekari moja akiipanda viazi mviringo, msimu huo ekari hiyo haitampa mahindi. Kwa hiyo hesabu ya gharama zake haiishii kwenye mbegu na mbolea. Mahindi aliyoyaacha nayo yamo. Wachumi huiita gharama ya fursa, na ndiyo dhana ya kwanza ninayomtaka mtu aishike, kwa sababu ipo hata pale ambapo hakuna shilingi iliyotoka mfukoni. Kijana anayesoma miaka mitatu chuoni kwa ufadhili kamili bado analipa: analipa kipato ambacho angekipata kwa kufanya kazi miaka hiyo.

Ni vitu gani vinavyohitajika ili kuzalisha?

Vitabu vya shule hutaja vinne: ardhi, nguvu kazi, mtaji na ujasiriamali. Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la Tanzania la mwaka 1967, nalo lilitaja vinne ili tuendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Orodha hizi mbili inafaa zisomwe pamoja. Ile ya vitabuni husahau kwamba viwanda hufungwa kwa sababu ya uongozi mbovu. Ile ya Azimio iliupa mtaji nafasi ndogo mno.

Mifumo ya uchumi iko mingapi?

Kila jamii lazima ijibu maswali matatu: tuzalishe nini, tuzalishe vipi, na kizalishwacho kimwendee nani. Tofauti ya mifumo ni tofauti ya anayejibu.

Katika uchumi wa jadi, jibu liko kwenye mila: wafugaji hufuga kwa sababu wazazi wao walifuga, na nyama hugawanywa kwa utaratibu unaojulikana na kila mtu. Katika uchumi wa soko, majibu hutoka kwa wanunuzi na wauzaji kupitia bei. Nyanya zikiadimika bei hupanda, na mwaka unaofuata wengi hupanda nyanya bila kuamriwa na mtu. Katika uchumi wa mipango, serikali ndiyo hupanga kiasi cha kuzalisha, bei na mahali pa kupeleka. Katika uchumi mchanganyiko, soko na serikali hugawana maamuzi.

Hakuna nchi duniani leo inayotumia mfumo mmoja mtupu. Swali la maana ni kitu gani kimeachiwa soko, kipi kimeshikwa na serikali, na kwa nini.

Je, ni kweli Tanzania ilikuwa ya kijamaa na Kenya ya kibepari?

Kwa sehemu. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na kesho yake Mwalimu Nyerere akatangaza kutaifishwa kwa mabenki. Zikafuata kampuni za bima, vinu vikubwa vya nafaka na makampuni makubwa ya kuingiza na kutoa bidhaa nje ya nchi. Njia kuu za uchumi zikawa mikononi mwa umma. Viongozi wakawekewa miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kuanzia 1973, Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu kwenda kuishi pamoja.

Kenya ilikuwa imeshachagua njia yake miaka miwili kabla, katika Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, ambao kwa jina unazungumzia ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake, hata hivyo, mali binafsi iliheshimiwa, wawekezaji wa nje walikaribishwa, na mashamba yaliendelea kupimwa na kupewa hatimiliki.

Ukiangalia kwa karibu, mstari unafifia. Kenya ilikuwa na bodi za kununua mazao na ilidhibiti bei za bidhaa nyingi mpaka miaka ya 1990. Tanzania nayo haikuwahi kufuta shamba la familia. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro alibaki na kihamba chake, yaani shamba la familia, ila aliyeruhusiwa kununua kahawa yake alikuwa mmoja.

Wapo wanaotaka nihukumu nani alishinda. Mimi naona ni haki kusema yote mawili. Tanzania ilisomesha watu wake kwa kasi kubwa, pamoja na watu wazima waliojifunza kusoma na kuandika wakiwa na wajukuu, na hilo lilifanyika kwa sababu serikali iliamua. Na serikali hiyo hiyo ilishindwa kuhakikisha sabuni inafika dukani.

Kwa nini maduka ya Tanzania yalikuwa matupu mwanzoni mwa miaka ya 1980?

Sababu ni nyingi na zilikuja pamoja. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni. Viwanda vikakosa vipuri na malighafi.

Lakini kulikuwa na sababu ya ndani, na hiyo ndiyo yenye somo la uchumi. Bei zilipangwa na serikali. Sabuni au sukari ikipangiwa bei ndogo kuliko gharama ya kuitengeneza na kuifikisha, kiwanda hakina hamu ya kuzalisha zaidi, mwenye mzigo huuficha, na kile kidogo kinachofika dukani huisha asubuhi. Bei ya kwenye karatasi inabaki ndogo, ila mnunuzi analipa kwa foleni, kwa kujuana na mwenye duka, au kwa kumwendea mlanguzi gizani. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka kufulia majani ya mpapai, na unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita unga wa Yanga. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na wenye bidhaa wakazitupa mashimoni na baharini kwa hofu. Walanguzi walikamatwa kwa wingi, lakini sukari haikuongezeka, kwa kuwa pengo kati ya bei ya kupangwa na gharama halisi lilibaki pale pale.

Baadaye serikali ikaanza kulegeza. Rais Ali Hassan Mwinyi aliingia madarakani 1985, mwaka uliofuata nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani, na bei nyingi zikaachiwa. Watu wakamwita Mzee Ruksa. Bidhaa zilirudi madukani. Waliolipa safari hii ni wenye mishahara midogo, ambao sasa waliiona sabuni rafuni na hawakuwa na uwezo wa kuinunua, na wazazi walioanza kuchangia huduma ambazo zamani hazikuwa na malipo.

Sasa tuna mfumo gani?

Mchanganyiko. Bei ya nyanya Kariakoo haipangwi na ofisi yoyote. Bei ya petroli ina kikomo kinachotangazwa kila mwezi na mamlaka za serikali za kudhibiti nishati: EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya. Korosho za Mtwara na Lindi huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, yaani mkulima huweka mzigo ghalani na kupewa risiti. Umeme wa gridi huuzwa na shirika la umma.

Kabla ya pesa watu walibadilishanaje?

Kwa kubadilishana mali kwa mali, na kwa vitu ambavyo kila mtu alivikubali. Chumvi ya Uvinza ilisafirishwa mbali sana. Majembe ya chuma yalikuwa mahari na pia kipimo cha biashara huko Unyamwezi. Misafara ilibeba shanga na nguo za merikani kwa sababu bila hizo hupati chakula njiani.

Ugumu wa mali kwa mali ni kwamba lazima haja mbili zikutane. Wewe una mbuzi unataka jembe. Mwenye jembe hataki mbuzi, anataka chumvi. Itabidi umtafute mwenye chumvi anayetaka mbuzi, na mbuzi hagawanyiki akiwa hai. Ndiyo maana majembe, kauri (maganda ya konokono wa baharini) na nguo vilianza kupokelewa hata na watu wasiokuwa na haja ya kuvitumia. Walijua watavitoa kwa mwingine.

Pwani ilikuwa na sarafu mapema. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba, na mwaka 1944 baadhi ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Baadaye Zanzibar ilitumia riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye mwaka 1780 ambayo iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule kwa vizazi, kwa kuwa wafanyabiashara waliiamini sura yake. Ikafuata rupia ya India.

Basi pesa ni nini hasa?

Ni chochote kinachokubalika kwa malipo, kinachotumika kupimia thamani, na kinachoweza kuwekwa leo kikatumika kesho. Nyanya haziwezi kuwa pesa kwa sababu zinaoza. Mchanga hauwezi kwa sababu upo kila mahali.

Kwa nini karatasi ya shilingi elfu kumi ina thamani?

Kwa sababu aliye mbele yako ataipokea, naye anajua wengine wataipokea, na serikali inaipokea kama kodi. Hakuna dhahabu inayokusubiri Benki Kuu ukipeleka noti yako. Thamani yake inategemea imani, na imani hiyo inalindwa na benki kuu inayodhibiti wingi wa pesa.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921 chini ya Bodi ya Sarafu, thamani yake ikiwa imefungamanishwa na paundi ya Uingereza. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zikafungua benki kuu zao na kila nchi ikatoa shilingi yake, zote zikiwa na thamani sawa. Leo shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa karibu shilingi 20 za Tanzania. Hilo halina maana kwamba Mkenya ni tajiri mara ishirini, maana bei na mishahara navyo vimeandikwa kwa tarakimu tofauti. Linachokuambia ni kwamba shilingi ya Tanzania imepoteza thamani kwa kasi zaidi kwa miaka yote hiyo, na sehemu kubwa ilipotea katika miaka ya 1980 na ya 1990.

Serikali ikiwa na madeni, kwa nini isichapishe noti?

Pengine hakuna swali linaloulizwa zaidi ya hili. Noti haziongezi mahindi ghalani. Pesa ikiongezeka na bidhaa zikabaki zile zile, bei zitapanda mpaka pesa mpya imezwe.

Haikuhitaji karatasi kwa jambo hili kutokea. Buganda kauri zilikuwa na thamani kubwa zilipokuwa chache, kwa sababu zilitoka bahari ya mbali. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani wakaanza kuzileta kwa magunia, na kauri zilizotosha kununua ng'ombe zikawa hazinunui hata mbuzi. Mwenye ng'ombe hakuumia. Aliyeumia ni mtu aliyekuwa amejiwekea akiba ya kauri nyumbani.

Zimbabwe ilifika mbali zaidi: Januari 2009 ilitoa noti ya dola trilioni 100, na mwaka huo huo watu wakahamia dola ya Marekani na randi ya Afrika Kusini. Wastaafu ndio waliopoteza kila kitu, kwa sababu pensheni yao iliandikwa kwa pesa iliyokufa. Kila serikali inapochapisha kupita kiasi inakata kodi kwa wenye akiba, na kodi hiyo haikupigiwa kura na bunge lolote.

Pesa ya kwenye simu ni pesa mpya?

Hapana, ukiweka na kutoa. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata. Simama kibandani kwa wakala uangalie kinachotokea. Unampa noti ya elfu kumi. Droo yake ya noti inaongezeka elfu kumi, floti yake, yaani salio lake la kazi kwenye simu, inapungua elfu kumi, na salio lako linaongezeka kiasi hicho hicho. Hakuna shilingi iliyozaliwa. Kwa kila shilingi ya floti, mtandao unatakiwa uwe na shilingi halisi kwenye akaunti ya amana benki. Ndiyo maana wakala anaweza kukwambia floti imeisha ingawa droo imejaa noti, au akakwambia hana pesa taslimu ingawa floti anayo: ni biashara ya kusawazisha vitu viwili siku nzima, na mtaji wake umelala humo.

Mikopo ya kwenye simu ni jambo jingine. Hapo nyuma kuna benki, na benki inapokopesha huongeza pesa kwenye mzunguko, kwa sababu aliyeweka akiba bado anahesabu salio lake na aliyekopa naye ana la kutumia.

Tanzania ilipoweka tozo za miamala Julai 2021, wengine walirudi kubeba noti mfukoni, na serikali ikazipunguza baada ya malalamiko. Hata kutumia pesa kuna bei, na bei ikipanda watu hubadili mwenendo.

Ubobezi ni nini, na kwa nini unaongeza uzalishaji?

Ni mtu, eneo au nchi kujikita kwenye kazi chache na kupata vingine kwa kununua. Nenda Mwaloni, Mwanza, penye soko la dagaa la Ziwa Victoria, uone.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola, ambazo huwavuta samaki juu. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, kwa hiyo kazi hufuata mwezi. Mwenye mtumbwi mara nyingi haendi ziwani. Anao wavuvi wanaojua kusoma upepo na maji. Alfajiri mtumbwi ukigota, dagaa hununuliwa kwa ndoo na akina mama wa kuanika. Hao wanajua mchanga gani unaharibu bei, wingu lipi lina mvua, na saa ngapi wageuze. Mvua ikinyesha dagaa hawajakauka, hasara ni yao, hapo mvuvi alishalipwa. Kisha wako wanaochambua na kufunga magunia, wapagazi, madalali, wenye malori, na mwisho mama wa sokoni Dodoma anayepima kwa sado. Dagaa wengine huvuka mpaka hadi Congo.

Mtu mmoja angeweza kufanya yote hayo? Angeweza, na angepata ndoo chache. Kila mmoja akirudia kazi yake kila siku anaiweza kwa kasi, hapotezi muda kuhama kutoka kazi hii kwenda ile, na inamlipa kununua kifaa maalumu: mwenye kuanika ananunua chanja, mwenye lori ananunua turubai. Mnyororo wote unawezekana kwa sababu kuna pesa. Bila pesa, mvuvi angelipwa nini na dereva?

Angalia pia faida inakokaa. Hatari ya mvua iko kwa wanaoanika, na mara nyingi sehemu yao ya bei ya mwisho ni ndogo. Kugawana kazi kunaongeza jumla ya mali. Hakuahidi kwamba jumla hiyo itagawanywa kwa haki.

Kama mtu ana uwezo mkubwa kwa kila kitu, kwa nini abadilishane na asiyeweza?

Jibu alilitoa mchumi Mwingereza David Ricardo mwaka 1817, nami nalieleza kwa mfano wa saluni. Shangazi kwa siku anaweza kushona gauni 6 au kusuka vichwa 3. Mpwa wake anaweza gauni 2 au vichwa 2. Shangazi anamzidi kwa yote. Lakini shangazi akisuka kichwa kimoja anaacha gauni 2, na mpwa akisuka kichwa kimoja anaacha gauni 1 tu. Kusuka kwa mpwa ni rahisi zaidi.

Chukua siku mbili. Kila mmoja akishona siku moja na kusuka siku moja, kwa pamoja wanapata gauni 8 na vichwa 5. Sasa mpwa asuke siku zote mbili, vichwa 4. Shangazi asuke kimoja tu na muda uliobaki ashone, gauni 10. Vichwa ni 5 vile vile na gauni zimeongezeka 2. Hakuna aliyefanya kazi zaidi. Nchi zinazouziana bidhaa zinafuata hesabu hii hii.

Kuna hatari gani kutegemea zao moja?

Tazama Zanzibar. Mikarafuu ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Sultani Seyyid Said visiwa vikawa mzalishaji mkubwa wa karafuu duniani. Waliolipa gharama ya ubobezi huo ni watumwa waliolazimishwa kupanda na kuchuma. Faida ilikuwa ya wengine. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikachukua nafasi.

Katika karne ya 20 pigo lilitoka kwa mnunuzi. Indonesia, ambako karafuu huchanganywa kwenye sigara, ilikuwa soko kuu. Ikapanda mikarafuu yake, ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ya dunia ikaporomoka. Mkulima wa Pemba alikuwa na mnunuzi mmoja wa kisheria, shirika la serikali, lililomlipa sehemu ndogo ya bei ya nje. Matokeo yake karafuu zikavushwa kwa magendo kwenda Mombasa usiku, na mikarafuu mizee ikaachwa bila kupandwa mipya, kwani nani apande mti wa kusubiri miaka kwa bei ile? Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana bei ya mkulima, na karafuu zikarudi kupitia njia halali.

Si afadhali basi kila nchi ijitegemee kwa kila kitu?

Kwa baadhi ya vitu, ndiyo, na inafaa ijulikane ni kwa gharama gani. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya ngano, mafuta ya kula na mbolea ilipanda Afrika Mashariki nzima, kwa sababu tunategemea sana mizigo ya nje. Kenya inakula ngano nyingi kuliko inavyolima. Kulima ngano yote nyumbani kungehitaji ardhi inayotoa mahindi, maziwa na chai leo, na chai ndiyo inayoleta fedha za kununulia ngano. Mbolea ni tofauti: ikikosekana, mahindi yote ya msimu yanaathirika, na hakuna cha kuweka badala yake kwa haraka. Tanzania ilianza ruzuku ya mbolea Agosti 2022 ili mkulima asiikose. Ruzuku hiyo hulipwa kwa kodi, pamoja na ya mama wa sado Dodoma kila anaponunua sabuni, na ni haki yake kuuliza kila mwaka ni magunia mangapi yalimfikia mkulima aliyelengwa.